Visa vya Manabii: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Mjadala wa Mwislamu na Mkristo kuhusu manabii huharibika mapema, na mara nyingi kinachouharibu si imani. Ni kwamba mmoja anamweleza mwenzake kitabu ambacho hajawahi kukifungua. Jambo hili linaniuma, kwa sababu visa hivi ni kati ya mambo machache ambayo pande zote mbili zingeweza kukaa zikayasoma pamoja.

"Qur'ani inamtaja Ismaili kuwa ndiye aliyekaribia kuchinjwa."

Haimtaji. Sura ya 37, As-Saffat, inasimulia kisa chote cha Ibrahimu kuamriwa kumchinja mwanawe bila kutoa jina la kijana. Wafasiri wa kale walihitilafiana: At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliona ni Is-haka, Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alishikilia kuwa ni Ismaili, na hiyo ndiyo kauli iliyoenea kwa Waislamu leo. Hoja ya kauli hiyo si nyepesi. Bishara ya Is-haka inakuja kisa kikiwa kimekwisha, na sura ya 11 inamwahidi Ibrahimu Is-haka na, baada yake, Yaakubu. Itakuwaje baba aamriwe kumchinja mtoto ambaye ameshaahidiwa kizazi?

Biblia, kwa upande wake, inamtaja Isaka, yaani Is-haka, waziwazi katika Mwanzo 22. Waislamu huuliza aliitwaje "mwana wa pekee" ilhali Ishmaeli alimtangulia kwa miaka 14. Wakristo hujibu kwamba Isaka ndiye mwana wa ahadi, na kwamba kufikia hapo Ishmaeli alikuwa ameshaondoka nyumbani.

Kwa maoni yangu, ubishi wa jina umetunyima utamu wa kisa chenyewe. Msikilize mtoto. Katika Mwanzo wanapanda mlimani, kuni ziko mgongoni mwake, naye anauliza: moto upo na kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Siri ameibeba mzee peke yake. Katika Qur'ani baba anamsimulia mwanawe ndoto, kisha anamuuliza: waonaje? Kijana anamwambia atende alivyoamrishwa, na kwamba, Mungu akipenda, atamkuta miongoni mwa wenye kusubiri. Hapa wanaojisalimisha ni wawili.

Tofauti hiyo ndiyo inayofungua njia mbili za tafsiri. Mkristo anamwona baba asiyemzuilia mwanawe, na fikra zake zinakwenda msalabani. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unaongeza kwamba Ibrahimu aliamini Mungu anaweza kumfufua mwanawe. Mwislamu anaona utiifu uliokamilika, na anaukumbuka kila mwaka katika Idi ya kuchinja. Katika usomaji wake hakuna sadaka nyingine inayosubiriwa mbele.

"Wakristo wanawadharau manabii, Waislamu wanaficha dhambi zao."

Tuhuma hii ina pande mbili, na pande zote mbili zinakosea. Mfano ulio wazi ni Daudi. Samweli wa Pili 11 inaeleza alivyomchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Nabii Nathani anamjia na mfano wa tajiri aliyempora maskini mwana-kondoo wake mmoja. Sura ya 38 ya Qur'ani ina watu wawili wanaomwingilia Daudi na kesi: mmoja ana kondoo 99, anamtaka mwenzake ampe na yule wake mmoja. Daudi anatoa hukumu, anatambua kuwa amejaribiwa, anaanguka akisujudu na kutubu. Mke wa Uria hatajwi.

Wapo wafasiri wa Kiislamu waliokileta kisa cha Uria katika maelezo yao. Ibn Kathir alikikataa, akisema sehemu kubwa ya masimulizi hayo imetoka kwa Waisraeli. Nyuma ya msimamo huo iko imani ya isma, yaani manabii wamehifadhiwa na madhambi makubwa, kwa sababu Mungu amewatuma ili wafuatwe. Toba ya Daudi haikufichwa. Imo kwenye aya.

Na Mkristo hasomi habari ya Bathsheba, huyo mke wa Uria, ili amtukane Daudi. Mathayo, katika ukoo wa Yesu, anamtaja mama yake Sulemani kama yule aliyekuwa mke wa Uria. Angeweza kulipita. Aliliandika, na Wakristo wengi wanalisoma hivi: hata mfalme mpendwa alihitaji mwokozi.

"Waislamu hawamheshimu Yesu wala Mariamu."

Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Qur'ani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Kuzaliwa kwa Isa bila baba kunaelezwa humo, kama ilivyo kwa Mathayo na Luka. Njia zinaachana kwingine: Qur'ani inakataa kwamba yeye ni mwana wa Mungu, na sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Kwa Mkristo hapo ndipo moyo wa Injili ulipo. Hakuna haja ya kujifanya pengo hilo ni dogo.

"Visa ni vilevile, tofauti ni majina tu."

Hii husemwa kwa nia njema, ila inavifuta vitabu vyote viwili. Chukua Nuhu. Katika Mwanzo wanawe wote watatu wanaingia safinani. Katika sura ya 11 ya Qur'ani mmoja anakataa, anakimbilia mlimani, wimbi linamchukua huku baba yake akimwita.

Au tazama mmea wa Yona. Katika Biblia unaota nje ya Ninawi, baada ya mji kusamehewa, kisha buu anauharibu ili Mungu amwulize nabii aliyekasirika: wewe unauhurumia mtango, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000? Katika sura ya 37 mmea wa jamii ya mung'unye unaota Yunus akiwa mgonjwa, ametupwa ufukweni kutoka tumboni mwa samaki, na baada ya hapo anatumwa kwa watu 100,000 au zaidi, nao wanaamini. Mmea ule unamkemea nabii katika kitabu kimoja, na katika kingine unamhifadhi.