Kemia ya maji ya bwenini

Wazazi wanaokuja kutazama shule kabla ya kuandikisha mtoto huuliza kwanza wastani wa ufaulu, halafu wanauliza kama kuna maabara. Ipo. Wanaziona meza za vigae, mitungi ya gesi na byureti zilizopangwa kabatini, wanaridhika. Mimi nafundisha kemia katika shule za binafsi hapa Dodoma, na nimeziona maabara nzuri sana ambazo hufunguliwa wathibiti ubora wakija, kisha zinafungwa hadi miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Katikati hapo wanafunzi wanakariri rangi. Ikigeuka bluu, andika shaba. Mtoto anaandika, anapata alama zake, na swali alilonalo tangu wiki ya kwanza bwenini linabaki pale pale: mbona sabuni haitoi povu?

Maji ya visima vingi vya huku ni magumu. Yamepita kwenye udongo na miamba yenye chokaa, yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo, inaungana nayo na kufanya utando wa kijivu unaong'ang'ania ndoo na kola ya shati jeupe. Mpaka madini yaishe, povu halipatikani. Mwanafunzi anamaliza mche mzima kwa sare tatu na kudhani mama yake kamnunulia sabuni mbovu.

Mada ya ugumu wa maji imo kwenye kemia ya sekondari, na inafundishika bila kufungua kabati la maabara. Nawagawa vikundi vya wannewanne. Kila kikundi kinakuwa na chupa tupu za maji zinazolingana, na maji ya aina nne: ya kisima cha shule, ya kisima yaliyochemshwa yakapoa, ya mvua, na ya kisima yaliyotiwa magadi kidogo. Sabuni ya mche tunaikwaruza, tunaiyeyusha kwenye maji ya mvua, tunaivuta kwa bomba la sindano lililonunuliwa duka la dawa, bila sindano yake. Kisha ni matone: weka, ziba, tikisa, tazama. Povu likidumu dakika moja, andika idadi. Basi.

Maji ya mvua yanatoa povu karibu mara moja. Ya kisima yanakula matone mpaka anayehesabu anachoka. Yaliyochemshwa yanakaa katikati, na hapo ndipo penye somo, kwa sababu moto unaondoa ugumu wa muda tu: unageuza haidrojenikaboneti ya kalsiamu kuwa chokaa, ile tabaka nyeupe iliyoganda ndani ya birika. Ugumu wa kudumu, ule unaoletwa na salfeti, haung'oki kwa kuchemsha. Magadi ndiyo yanayouondoa, na wanaona kwa macho yao maji yakichafuka ghafla na mashapo meupe kushuka chini ya chupa.

Muhula mmoja kikundi cha mabinti kilileta majibu yasiyofanana na ya wenzao. Maji yao ya kisima yalitoa povu kama ya mvua. Wenzao wakasema wamedesa vibaya. Sikusema neno, nikawaambia warudie mbele ya wote. Wakarudia, povu likafurika. Binti mmoja akashika kopo lao, akanusa, akasema, "Mwalimu, hii si ya mche, ni ya unga." Walikuwa wameishiwa, wakaazima ya kufulia kutoka kwa dada wa kidato cha nne. Sabuni nyingi za unga zimetengenezwa kwa kemikali nyingine, ambazo kalsiamu haizigandishi kirahisi. Nilikuwa nimepanga kufundisha hilo wiki iliyofuata. Walijifunza siku ile, na sijawahi kusahihisha mtihani ambao binti yeyote wa darasa lile amelikosa.

Kutoka hapo tunakwenda jikoni. Shule ya bweni inakula maharage karibu kila siku, na maharage yakipikwa kwa maji magumu hayaivi upesi, maana kalsiamu inakaza ganda na kuta za chembe zake. Vijana hawakulisoma hili kwangu, walimuuliza mpishi.

"Shikamoo mama. Kwa nini unatia magadi?"

"Marahaba. Nisipotia, mtakula saa tisa."

Wakaomba wapewe sufuria mbili ndogo, maharage ya gunia moja, moto mmoja. Moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, yote yamelowekwa usiku kucha. Waliketi pale na saa wakibonyeza punje kwa vidole, na ya mvua yaliiva kwanza. Mpishi akawauliza sasa kwa nini wasipike kwa magadi tu, wakaja darasani na swali hilo. Nikawaeleza kwamba magadi yakizidi yanaharibu vitamini B1, na ladha inakuwa ya sabuni. Ubishi uliofuata kuhusu kuni, muda na lishe ulikuwa mzuri kuliko kipindi chochote nilichowahi kuandaa kwa chaki.

Waliobisha sana walihamia kwenye hesabu: je, maji ya mvua yangetosha bweni? Dodoma mvua zinanyesha msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani ni kama milimita 570 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bweni lenye paa la mita za mraba 200 linapokea lita 114,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Wanafunzi 150 wakitumia ndoo ya lita 20 kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya siku 38. Kijana aliyepiga hesabu hiyo ubaoni huwa analala kwenye hesabati. Siku ile aligombania chaki.

Kuna sheria yetu ya kuongea Kiingereza tu. Naiheshimu, maana mtihani ni wa Kiingereza. Lakini wakati wa kutikisa chupa nawaacha wabishane Kiswahili mpaka waelewane, ndipo waandike ripoti kwa Kiingereza. Ripoti zinakuwa fupi na zina akili.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi, sekondari sambamba na elimu ya jumla, na nimesikia baadhi ya wenye shule wakisema vitendo sasa ni kazi ya wale wa amali, wengine wabaki na nukuu zao. Napinga kabisa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakuwatenga wanafunzi wa mikono na wanafunzi wa vitabu. Na tangu Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, sababu ya kuzika kila Jumamosi kwenye majaribio ya kukariri imepungua nguvu. Mabango barabarani bado yanasema mengine, lakini mkuu wa shule anaweza kutoa saa mbili.

Saa mbili zinatosha. Mwalimu anayetaka kuanza asubiri mvua kubwa ya Januari au Februari, akinge maji moja kwa moja kwenye beseni safi lililowekwa uwanjani, maana ya bati yanakuja na vumbi. Magadi yasagwe kwanza. Na apige hodi jikoni siku moja kabla, aombe ruhusa ya sufuria, kwa sababu mpishi akishtukizwa saa nne asubuhi hatatoa hata mfuniko.