Je, wajua kwa nini poni mwenye uvimbe huvishwa nguo ya pundamilia?

Ukipita mashambani kusini mwa Uingereza mwezi wa Julai, huenda ukakutana na kituko: pundamilia mnene, miguu mifupi, anakula nyasi nyuma ya ua kana kwamba yuko Ngorongoro. Ukimsogelea unagundua si pundamilia. Ni poni, yaani farasi wa kimo kidogo, asiyezidi sentimita 148 hivi begani, aliyevishwa shuka la wavu lenye milia myeusi na myeupe. Usoni kafungwa kitambaa chenye matundu madogo kama ya chandarua. Muulize mwenye poni na huenda akakujibu kwa mkato: ana uvimbe, na nzi wameanza.

Uvimbe na nzi wapi na wapi? Na milia imeingiaje hapo?

Tuanze na uvimbe. Unaitwa sarkoidi, na hakuna uvimbe wa ngozi unaowapata farasi, poni na punda mara nyingi kama huu. Jina lilitolewa mwaka 1936 na Cecil Jackson, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini. Sarkoidi ni jamaa ya saratani, ila tabia zake ni za pekee. Haisafiri kwenda mapafuni wala kwenye ini. Inabaki kwenye ngozi, lakini hapo ilipo ina ubishi: inakatwa, inarudi, na mara nyingine inarudi kubwa kuliko ile iliyokatwa.

Chanzo chake ni cha ajabu. Ni virusi vya ng'ombe. Kuna virusi vya papiloma ambavyo ng'ombe akivipata huota chunjua, na mara nyingi chunjua hizo hukauka na kudondoka zenyewe. Virusi hivyo hivyo vikiingia kwenye ngozi ya farasi hupotea njia. Haviwezi kuzaana vizuri humo kama kwa ng'ombe, ila vinaziamsha chembe za ngozi zikaanza kukua bila breki. Hata pundamilia hawakusalimika: wale wa milimani huko Afrika Kusini, katika Hifadhi ya Bontebok, wamekutwa na sarkoidi. Kwa hiyo vazi la pundamilia halimkingi poni na virusi. Linakinga kitu kingine, tutafika.

Sarkoidi ina sura nyingi. Kuna inayoonekana kama choa, kiraka kisicho na manyoya, ngozi imekuwa ya kijivu, na mwenye poni anaweza kukaa nayo miaka akidhani ni alama ya kamba. Kuna inayofanana na chunjua, kavu, yenye mikunjo. Nyingine ni gololi chini ya ngozi, unaishika kwa vidole viwili inateleza. Halafu kuna ile mbaya, nyama wazi, nyekundu, inatoa majimaji na damu kwa kuguswa tu. Jambo la kushika ni kwamba sura hizi hazina mipaka. Ile tulivu ikichokozwa, ikikwaruzwa, ikisuguliwa na hatamu au kuumwa na mdudu, inaweza kugeuka kuwa ile ya nyama wazi. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husita hata kukata kipande cha kupima. Kisu chenyewe ni uchokozi.

Sasa tazama sarkoidi zinapopenda kuota: kinenani, kwapani, kifuani, tumboni, masikioni, kwenye kope na pembe za mdomo. Kisha tazama nzi wanapopenda kutua. Ni pale pale. Ni sehemu zenye ngozi laini na manyoya machache, ambako mkia haufiki. Vinasaba vya virusi vya papiloma vimekutwa ndani ya nzi wenyewe, na tangu hapo nzi ni mtuhumiwa mkuu wa kuvitoa kwa ng'ombe na kuvipeleka kwa farasi, au kuvihamisha kutoka uvimbe mmoja hadi mkwaruzo wa jirani. Kesi haijahukumiwa, lakini ushahidi wa mazingira unamlemea.

Waswahili tulishamwelewa nzi zamani: nzi kufia kidondani si haramu. Kwake yeye kidonda ni karamu, maji, chumvi na protini mahali pamoja. Nzi wa kawaida wa nyumbani hana meno wala sindano, mdomo wake ni sifongo. Hutema mate kwenye chakula, akakilainisha, akakifyonza. Kwenye uvimbe mkavu hana kazi. Mpe tone moja la majimaji uone: baada ya dakika chache kuna nzi kumi, wanatembea, wanakwaruza kwa miguu, na wanaacha uchafu waliotoka nao samadini. Mnyama anawashwa. Anajisugua kwenye mti au anajing'ata kwa meno. Tone linakuwa mchirizi. Duara limekamilika: nzi wanaleta mwasho, mwasho unaleta kidonda, kidonda kinaita nzi wengine, na uvimbe uliokuwa umelala unaamka.

Hao ni wapole. Pange, yule nzi mkubwa wa mchana wa jua kali, hana sindano bali visu. Jike hukata ngozi kisha akalamba damu inayotoka, kwa sababu bila damu mayai yake hayakomai. Dume, kwa taarifa yako, anakunywa maji ya maua na hana ugomvi na mtu. Nzi wa zizini anafanana sana na wa nyumbani, ila ana mdomo unaochomoza mbele kama sindano. Huuma miguuni na tumboni, dume kwa jike. Ukiona poni anapiga chini kwato kila sekunde chache bila sababu, huyo ndiye. Usubi nao hutoka alfajiri na jioni, wadogo kiasi kwamba wavu wa matundu makubwa wanaupita bila kubisha hodi.

Kuna na kisa kingine ambacho huchanganywa na sarkoidi, hasa katika nchi za joto. Minyoo wanaoitwa habronema huishi tumboni mwa farasi, na vijana wao hutoka na mavi. Mabuu ya nzi wanaokulia kwenye mavi hayo huwameza. Nzi anapokuwa mkubwa na kutua kwenye kidonda au pembe ya jicho, minyoo wadogo hushuka hapo, wakitarajia kumezwa na kurudi tumboni. Wakishuka kidondani wamekwama. Ngozi huwakasirikia, kidonda kinavimba, hakiponi, na ndani yake unakuta punje ngumu za njano kama chenga za mchele. Baridi ikija, kinaweza kupona chenyewe. Huko India kidonda hicho kimeitwa bursati, kutokana na neno la mvua, kwa kuwa huja na majira ya mvua na nzi wake. Dawa ya minyoo aina ya ivermektini huvunja mzunguko huo, lakini haigusi sarkoidi. Kwa macho tu viwili hivi vinadanganya hata wazoefu, kwa hiyo daktari aitwe kabla ya chupa yoyote kufunguliwa.

Nasema hivyo kwa sababu kosa kubwa la wafugaji wenye nia njema ni kupaka kitu juu ya uvimbe. Wapo wanaopaka dawa ya meno, wapo wa siki, wapo wa mafuta makali ya miti. Ukikumbuka kwamba sarkoidi hukua kwa kuchokozwa, utaona ubaya wake. Kanuni ni kulinda kilicho pembeni na kuuacha uvimbe ulale. Watu hupaka Vaseline nene kwenye ngozi isiyo na jeraha iliyo chini na kando ya kidonda, ili majimaji yateleze yasiunguze ngozi na nzi wasipate pa kushika. Dawa ya kufukuza nzi hupulizwa mwilini, mbali na nyama wazi. Kwa uso hupulizwa kwanza kwenye kitambaa kisha mnyama akapanguswa.

Na dawa hizo zina asili ya nyumbani. Nyingi hutokana na pareto, yale maua meupe yanayolimwa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda, au na binamu yake wa maabara, permethrini, ambayo ndiyo iliyotiwa kwenye nyuzi za vyandarua vya Olyset vilivyotengenezwa Arusha. Tahadhari moja: permethrini ni sumu kali kwa paka, na mazizi ya farasi hayakosi paka.

Lakini chupa peke yake haishindi vita ya samadi. Nzi wa nyumbani, hali ya hewa ikiwa ya joto, anaweza kutoka yai hadi mtu mzima katika siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mavi yakiokotwa malishoni kila siku, na rundo la samadi likiwekwa mbali na banda, kizazi kizima hakipati pa kukulia. Nzi wa zizini hupenda majani makavu yaliyooza kwa mkojo, basi matandiko yabadilishwe. Pange huzaliwa kwenye matope, na hapo huna la kufanya zaidi ya kumhamisha poni kutoka ukingo wa bwawa. Bahati nzuri pange haingii sana ndani ya majengo. Poni akikaa bandani mchana na kutolewa usiku, anakwepa pange. Kwa usubi, feni moja bandani inasaidia sana, maana wadudu hao hawana nguvu ya kushindana na upepo.

Poni mwenyewe naye hajakaa tu. Chini ya ngozi ya mbavu zake kuna msuli mpana unaotetemesha ngozi mahali nzi anapotua, wewe ukijaribu utashindwa. Malishoni wawili husimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja akimpepea mwenzake usoni. Mkia ni mgwisho wake. Sisi mgwisho tumeufanya ishara ya heshima, Mzee Kenyatta hakuonekana bila wake, lakini kwa farasi ni silaha ya kila siku. Uingereza ilipiga marufuku kukata mikia ya farasi kwa sheria ya mwaka 1949. Poni mwenye uvimbe hanyolewi mkia wala nywele za paji la uso hata kama zinamfanya aonekane mchafu.

Sasa milia. Mwaka 2019 mtafiti wa wanyama Tim Caro na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye zizi moja huko Somerset, Uingereza, ambako pundamilia wachache walifugwa pamoja na farasi. Waliwavisha farasi nguo nyeusi, nyeupe na za milia, kisha wakahesabu pange. Pange walifika karibu kwa idadi ile ile kote. Tofauti ilikuwa dakika ya mwisho, kwenye kutua: kwenye nguo za milia waliotua walikuwa wachache mno. Hawakupunguza mwendo kama wanavyofanya wanapotaka kutua. Walipita, au waligonga nguo na kuruka zao. Inaelekea milia huwavuruga macho wakiwa wamekaribia. Watalii wanaoingia Tarangire huambiwa wasivae bluu wala nyeusi kwa ajili ya mbung'o. Hapa ni elimu ya rangi iyo hiyo, ila imegeuzwa.

Katika jaribio hilo kulikuwa na jambo dogo ambalo mimi ndilo linalonivutia zaidi. Vichwa vya farasi havikufunikwa, na huko vichwani pange walitua vilevile bila kujali mwili umevaa nini. Yaani milia hulinda pale ilipo tu. Poni mwenye sarkoidi kwenye kope hasaidiwi na shuka la mgongoni. Anahitaji barakoa ya wavu usoni. Na wa kinenani anahitaji shuka lenye kipande kinachopita chini ya tumbo, kisibane na kisisugue, kwa sababu mshono unaosugua uvimbe ni mbaya kuliko nzi kumi. Kila jioni shuka linavuliwa, jicho linapita chini ya tumbo, na mara moja kwa mwezi uvimbe hupigwa picha pamoja na rula.

Tiba zipo: kuchoma kwa leza, kugandisha, krimu zenye dawa za saratani zinazopakwa na daktari tu, mionzi, na kwa uvimbe wa kando ya jicho sindano ya BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi. Ila uvimbe ukiwa umetulia, madaktari wengi hupenda kusubiri. Oktoba baridi ya kwanza huanguka usiku, nyasi zinaamka nyeupe, na mashuka ya milia hufuliwa na kukunjwa. Hapo ndipo daktari hupangiwa siku, maana kidonda kitakachofunguliwa wakati huo hakitakuwa na wageni.