Mantra na pumzi: kizunguzungu si dalili kwamba umefika mbali

Mantra ni nini, na pumzi inaingiaje?

Ni neno au sauti inayorudiwa wakati wa taamuli, au meditesheni kama wengi mnavyoiita. Asili yake ni India. Ukitumia mantra ya So-ham, unasema "so" kimoyomoyo ukivuta pumzi na "ham" ukiitoa. Mantra ya Om ikitamkwa kwa sauti hufuata pumzi inayotoka tu.

Kuna faida kiafya au ni imani tu?

Faida ipo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2001 katika jarida la tiba la BMJ uliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakitamka mantra ya yoga, Om mani padme om. Kote kuwili pumzi ilishuka hadi kama mara 6 kwa dakika, na moyo na presha vikaenda kwa mpangilio mmoja. Faida iko kwenye pumzi ya polepole. Mbio za kuhema mmezitoa wapi?

Nikiimba haraka napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi. Mwalimu anasema nguvu inaamka. Niendelee?

Hapana. Acha hapo hapo. Ukihema kwa kasi na kwa nguvu, unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana na damu inayofika kichwani hupungua. Ganzi huanza kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha vidole hukakamaa na kujikusanya kama vya mtu anayechota chumvi. Hospitalini tunaletewa watu wakiwa hivyo, ndugu wanalia, na mgonjwa akipata nafuu analalamika kwamba tumemkatizia safari yake! Hakuna nguvu iliyoamka. Ni damu iliyopungukiwa hewa ya ukaa.

Tumsaidieje? Tumvishe mfuko apumulie humo?

Msimvishe mfuko wowote, wa karatasi wala wa plastiki. Kama kumbe ana pumu au tatizo la moyo, mnamnyima oksijeni. Mketisheni, apumue kwa pua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Na kifua kikibana? Nimeambiwa ni moyo unafunguka.

Moyo haufunguki kwa maumivu. Kifua kinachobana au kuuma, maumivu yanayokwenda mkononi, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi, pumzi kukatika ukiwa umekaa: nenda hospitali sasa hivi. Mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mkono mmoja ukilegea, vilevile. Usingoje umalize shanga 108 za kuhesabia mantra. Usingoje mwalimu arudi kutoka safari. Usilale kwanza uone kesho itakuwaje. Watu wanafika kwetu wamechelewa kwa sababu mtu aliyeheshimika aliwaambia wavumilie, na misuli ya moyo iliyokufa hairudi.

Mama ana presha, na tangu aanze mantra vipimo ni vizuri. Aache vidonge?

Asiache! Vipimo hivyo ni vya mtu anayemeza dawa. Aimbe, ameze, apime, na akiwa na swali amuulize daktari wake. Mwenye pumu naye pampu yake ikae kando ya mkeka.

Kubana pumzi katikati ya maneno kuna ubaya?

Mjamzito, mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kifafa asibane pumzi kwa muda mrefu, na asiheme kwa kasi. Wengine wote, msijilazimishe. Ndani ya maji, iwe bwawa au bahari, ni marufuku kabisa: aliyehema kwa nguvu kisha akabana pumzi anaweza kuzimia bila onyo lolote, akazama.

Basi nianzeje?

Kaa, usisimame. Dakika 5 zinatosha kwa kuanzia. Pumua kwa pua, "ham" iwe ndefu kuliko "so". Ukihisi kiu ya hewa, liache neno kwanza, pumua kawaida, kisha uendelee. Na kizunguzungu kisipoisha dakika chache baada ya kuacha, usimpigie mwalimu. Njoo upimwe.