Stresi hapa Goma: yale tunaambiana na yale mwili unafanya kweli

Mama mudogo wangu anauzisha sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale Kituku, na tangu niko mutoto namusikia na neno moja tu mudomoni: "niko na tansio", ile presha ya damu. Mutoto ameanguka mutihani, tansio. Mwenye nyumba amepita asubuhi kuomba feza yake, tansio. Mvua imepiga siku mbili sambaza hazikauki, tansio tena. Na si yeye peke yake, hapa kwetu mawazo na tansio tumevifanya kitu kimoja, mutu akiwa na shida moyoni tunamuambia "utapata tansio", na akiwa anacheka tunasema huyu yuko sawa.

Basi siku moja nikamupeleka kupima. Hakuwa anaumwa, ilikuwa hata siku nzuri, ameuzisha vizuri, ananichekesha njia nzima. Muganga akamufunga kile kitambaa mukononi, akaanza kupampa, kikavimba, kikamubana mpaka mama mudogo akaniangalia na jicho la kuniuliza kama nimemuleta hapa wamukate mukono. Hewa ikatoka polepole, psss, muganga akanyamaza. 172 juu ya 104. Wakamuacha akae dakika tano, wakarudilia: 168 juu ya 102. "Mama, kichwa kinauma?" "Hapana papa, leo sina mawazo hata kidogo."

Hapo njo penye kosa letu liko. Tansio ya damu kuwa juu, mara nyingi mutu hasikii kitu. Wanaipima siku tofauti, na ikibaki 140 juu ya 90 ao kupita, wanasema uko nayo, ukiwa unacheka ao unalia. Stresi kweli inaipandisha, lakini kwa muda, kiisha inashuka. Yenye inaifanya ikae juu miaka na miaka ni chumvi, umri, uzito, pombe, damu ya familia, saa zingine figo. OMS, shirika la afya la dunia, inasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo wanahesabu chumvi yote, ya makayabu, wale samaki wa chumvi, na ya zile kyubu za ladha tunatupa mbili mbili ndani ya sombe. Kwa hiyo usiache komprime, vidonge, za tansio eti juu mawazo yamepunguka. Mama mudogo alitaka kufanya hivyo wiki ya pili tu, nikapigana naye.

Sasa tuje kwa stresi yenyewe.

Kuna wenye wanasema stresi ni ugonjwa wa bazungu, sisi tumezoea. Sijue nani alizoea nini. Bibi zetu hawakuwa na hilo neno lakini walikuwa na "roho iko juu juu", "kichwa kinawaka moto", "moyo unanidunda", na hivyo ni vitu vya mwili kabisa, si maneno ya mashairi. Mwaka 1936, Montreal, mutafiti mumoja jina lake Hans Selye aliandika juu ya panya zake: aliziweka kwa baridi, zingine akaziumiza, zingine akazipa dawa kali, mateso tofauti tofauti, lakini ndani ya mwili zote zilionyesha kitu kimoja, tezi zilizo juu ya figo zimevimba na tumbo limepata vidonda. Jina stresi lilikuja kushikana na hiyo kazi nyuma kidogo. Hizo tezi juu ya figo uko nazo na wewe, uwe wa Himbi ao wa Ndosho. Njo zinamwaga adrenalini na kotizoli wakati gari inataka kukugonga, moyo unapiga haraka, sukari inajaa kwa damu, misuli inakaza, unaruka. Hiyo si ugonjwa, hiyo inakuokoa. Shida inakuja kama gari imeshapita na mwili bado unaruka, kila siku, juu ya deni.

Angalia mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo, akishuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Hakuna mwenye anamuambia "ondoa mulima". Mulima uko pale, na mzigo uko pale, yeye anakanyaga kile kipande cha mupira kwa gurudumu la nyuma na anashuka polepole. Mwili nao uko na breki yake, na wengi wetu tunaitafuta mahali haiko.

"Vuta hewa mingi, utatulia." Hii wanaisema kila mahali na ni nusu ya ukweli tu. Ukivuta kwa nguvu, haraka haraka, kifua kinapanda, utaanza kusikia kizunguzungu na vidole vinawashawasha, juu unatoa gazi karboniki mingi kupita vile mwili unataka, na mwenye alikuwa na woga sasa anafikiri anakufa. Breki iko kwa kutoa. Pumzi ikitoka polepole, ule mushipa mrefu wenye unatoka kwa ubongo mpaka kifuani na tumboni unaambia moyo upunguze, unaweza hata kusikia mwenyewe, weka vidole kwa mushipa wa mukono, ukivuta moyo unaharakisha kidogo, ukitoa unapunguza. Mutu mukubwa akikaa tu anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukishuka mpaka karibu mara 6, tuseme unavuta sekunde nne unatoa sekunde sita, dakika tano hivi, bila kujilazimisha, unaanza kuona tofauti. Na haiombi kuranti wala unite ya telefone. Mimi nafanyaka nyuma ya pikipiki tukibanwa na magari, hakuna mwenye anajua.

Kingine chenye hakiombi feza ni misuli. Edmund Jacobson, muganga wa Chicago, miaka ya 1920 tayari alikuwa anafundisha wagonjwa wake kulegeza misuli, na leo tunaifanya hivi: kaza musuli mumoja, ngumi kwa mufano, sekunde tano mpaka kumi, kiisha achilia mara moja na usikilize vile unalegea, halafu mabega, halafu uso, mpaka miguu. Inaonekana ya kitoto. Lakini jaribu sasa hivi kuangalia mabega yako yako wapi. Yako karibu na masikio, si ndio? Ulikuwa umeyakaza na hukujua.

"Chupa mbili za Primus zinatoa stresi." Zinaiazima, hazitoi. Pombe inatuliza ubongo saa chache na kweli unalala haraka, lakini ikianza kutoka kwa damu ubongo unarudi juu kupita pale ulikuwa, njo maana unaamuka saa nane ya usiku, mudomo umekauka, moyo unakimbia, deni za jana ziko palepale na umeongeza ya nganda, pale ulikunywa. Usingizi wa nusu ya pili ya usiku unakuwa wa vipande vipande. Sikatazi mutu chupa yake na marafiki, mazungumzo ya nganda saa zingine yanasaidia kuliko chupa, nasema tu isiwe dawa ya kulala.

Yenye inaniogopesha zaidi ni komprime. Mutu hajalala siku tatu, anaenda farmasi ya kwenye kona, bila karatasi ya muganga, anauziwa diazepamu, ile dawa ya kutuliza, kama wanauza pipi. Hiyo dawa iko na kazi yake, na waganga wanaitoa kwa muda mufupi, wiki mbili mpaka nne hivi, juu mwili unaizoea haraka, kiisha ukiacha ghafla unapata woga na kutetemeka kubaya kupita kule kwa mwanzo. Kuimeza na pombe ndiyo mbaya kabisa, vyote viwili vinapunguza kupumua. Kama umeshaizoea, usiache leo kwa kishindo, ona muganga akupunguzie polepole.

Sigara inatuliza? Mwenye kuvuta anatulizwa na njaa yenye sigara yenyewe ilimupa, nikotini inapandisha moyo, haiushushi. Kafe nayo, na hii inaniuma juu kafe yetu ya Kivu ni tamu: nusu ya kafeini inabaki kwa damu karibu saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa kumi ya mangaribi bado kinatembea nusu yake saa tatu ya usiku, na wewe uko kitandani unahesabu mabati. Kunywa asubuhi.

Halafu kuna hii ya hasira, "usiiweke ndani, itoe, piga kelele, piga ukuta, utasikia vizuri". Niliiamini sana. Brad Bushman, mutafiti wa Marekani, mwaka 2002 alitoa kazi kwa wanafunzi 600: waliwakasirisha kwanza, kiisha wengine wakapiga gunia la boksi huku wakimufikiria yule aliyewakasirisha, wengine wakakaa kimya tu. Wenye kupiga gunia njo walibaki na hasira mingi kuliko wote. Na 2024 yeye na mwenzake walikusanya tafiti 154, zaidi ya watu 10,000, wakaona vile vile, yenye inashusha hasira ni yenye inashusha mwili: kupumua polepole, kulegeza misuli, kutulia. Hata kukimbia hakukuishusha. Usinisikie vibaya, kutembea na michezo ni vizuri kwa stresi ya kila siku na kwa hiyo tansio, OMS inaomba dakika 150 kwa wiki, na mwenye anapanda na bido la maji kutoka ziwani ashahesabu zake. Lakini dakika ile damu inachemka, kaa kwanza.

"Kupumzika ni kwa wenye feza, waende kwa hoteli za kando ya ziwa." Ziwa ni la wote, kaa uangalie maji, ni bure. Ila neno moja kwa sisi wa hapa, hasa upande wa Kyeshero na Bulengo: usitafute utulivu kwa kishimo cha chini chenye kimejificha na upepo, asubuhi mapema ao usiku. Mazuku inakaa mule. Ni ile gazi karboniki kutoka chini ya mawe ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inajaa kwa mashimo kama maji, haina rangi, haina harufu, na mutu analala palepale haamuki. Ukiona mbuzi ao ndege wamekufa kwa kishimo, rudi nyuma. Na usiku wa baridi usifunge mulango na mbabula, lile jiko la makaa, inawaka ndani eti unajipasha moto upumzike, hiyo ni gazi ingine lakini mwisho ni mumoja.

Na kwenda kuongea na psi, mutaalamu wa mambo ya akili, si wazimu. Watu wa huu mji wameona mengi, mutu mwenye wiki zinapita bila kulala, bila kula, anaota mabaya yale yale, ao anafikiria kufa, huyo musimuambie apumue tu. Mumusindikize.

Nilimufundisha mama mudogo ile ya kuhesabu, nne na sita. Akanicheka. Akasema kuhesabu pumzi ni kwa watu bila kazi, yeye anaimba, yuko kwa korale miaka yote na anaimba hata akisafisha sambaza. Nikakaa kando yake na saa ya telefone bila kumuambia. Mustari mumoja wa wimbo wake, pumzi inatoka sekunde nane, kiisha anavuta kidogo, mustari mwingine, sekunde tisa. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Gothenburg, kule Uswidi, waliona watu wakiimba pamoja mioyo yao inapanda na kushuka pamoja, juu wanapumua pamoja. Yeye hakuhitaji Uswidi.

Komprime zake anazimeza sasa, na kyubu imebaki moja. Wiki iliyopita mwenye nyumba amepita tena, nikamuuliza ikoje.

"Mawazo tu, papa. Tansio iko 138."