Mkuki ulioshinda kifaru: tunayoambiana kuhusu michezo ya himaya, na yaliyo kweli

Jumamosi moja umeme ulirudi saa tatu usiku, tukajazana watano katika chumba chetu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya laptopu ambayo betri yake ilishakufa zamani. Mdogo wangu alikuwa anacheza Civilization ya kwanza, ile ya mwaka 1991, mchezo uliomzidi umri. Alikuwa ameshafika kwenye vifaru, yale magari ya vita ya chuma. Mbele yake, kwenye uwanda wazi, alisimama askari mmoja tu wa mkuki na ngao, mabaki ya enzi za Wagiriki. Akasukuma kifaru. Kifaru kikalipuka.

"Yaya, hii mashini iko mwizi!" akaniambia; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Malalamiko hayo nimeyasikia Lubumbashi nzima, kila mahali vijana wanapocheza michezo ya kujenga himaya kwa zamu: unaanza na mlowezi mmoja au wawili, unajenga mji, unafungua ramani, unavumbua uandishi, baruti, reli, na jirani zako wanafanya vivyo hivyo. Sisi tumekulia kati ya michezo miwili. Wazee wana kisolo, bao la mashimo na kete, ambalo halina bahati hata chembe: ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Vijana wana ludo, na huko dadu ndiyo hakimu. Michezo ya himaya imebeba vyote viwili tumboni, na uongo mwingi unaosemwa juu yake unaanza pale mtu anapodhani yuko kwenye kisolo kumbe yuko kwenye ludo.

"Mkuki hauwezi kushinda kifaru, kwa hiyo mchezo umeiba"

Unaweza, na hesabu yake si ngumu. Katika ule mchezo wa kwanza, kifaru kina nguvu ya kushambulia 10, na askari wa mkuki ana nguvu ya kujilinda 2. Mashine inajumlisha hizo mbili, inapata 12, kisha inachezesha bahati: sehemu 10 ni zako, sehemu 2 ni zake. Mbili katika 12 ni moja katika sita. Yaani askari yule alihitaji bahati ileile unayoihitaji wewe kupata sita ukitupa dadu ya ludo mara moja. Nani katika chumba kile hajawahi kupata sita kwa mara ya kwanza na kutoa kete yake nje? Na hapo sijataja mlima wala ukuta. Askari akiwa amejichimbia, ulinzi wake unapanda nusu, unakuwa 3, na hatari yako inakaribia moja katika nne.

Nilimwandikia mdogo wangu hesabu hiyo nyuma ya daftari. Aliitazama, akasema, "Sawa, lakini iliiba."

Wala si yeye peke yake. Sid Meier, aliyeutengeneza mchezo huo pamoja na Bruce Shelley, alilieleza jambo hili kwenye mkutano wa watengenezaji wa michezo huko San Francisco mwaka 2010. Walikuwa wakijaribisha mchezo mwingine wa ukoo huohuo, wakaona kwamba mchezaji mwenye nguvu tatu dhidi ya moja akishindwa, anakasirika. Anapokuwa yeye ndiye mwenye moja dhidi ya tatu akashinda, haleti malalamiko yoyote. Huo anauita ujanja wake. Kilichonichekesha zaidi ni hiki: watu walikubali kushindwa mara moja moja wakiwa na 2 dhidi ya 1, lakini walipokuwa na 20 dhidi ya 10 walikataa katakata, kana kwamba uwiano umebadilika. Watengenezaji wakaamua kuipindisha hesabu ili ifuate moyo wa mchezaji: ukishashindwa pambano moja, la pili linakuhurumia kidogo.

Kwa hiyo wizi upo. Ila mara nyingi tunaibiwa kwa faida yetu, na hapo hakuna anayepiga meza.

Katika matoleo yaliyofuata kifaru kimepata haki yake. Toleo la pili, la mwaka 1996, lilileta pointi za uhai, pambano likawa la duru nyingi badala ya kutupa dadu mara moja, na mikuki ya miujiza ikapungua sana.

"Ukipandisha ugumu, kompyuta inakuwa na akili zaidi"

Hili linaaminiwa na wachezaji wazuri kabisa, wale wanaojisifu kwamba wameishinda ngazi ya juu inayoitwa Deity. Kushinda ngazi hiyo ni kazi kweli, sibishi. Lakini hukumshinda mpinzani mwenye akili kuliko wa ngazi ya kati. Umemshinda yuleyule, akiwa amepewa mtaji.

Katika Civilization VI, kwenye ngazi ya Deity, wapinzani wa kompyuta wanaanza na walowezi watatu wakati wewe una mmoja. Wanaongezewa uzalishaji, sayansi na dhahabu, na vikosi vyao vinapigana na nyongeza ya nguvu. Ni sawa na kucheza kisolo na mtoto ambaye umemwongezea kete nusu ya bao: mikono ni ileile ya mtoto, ila sasa anakusumbua. Ndiyo maana mchezaji aliyestahimili zamu 100 za mwanzo bila kumezwa huanza kuwapita. Faida ya wale walowezi wa mwanzo inapungua, na mpinzani bado anatuma wapiga upinde wake mmojammoja chini ya ukuta wako wafe.

Mimi binafsi huwa nacheza ngazi mbili chini ya hapo. Deity inanilazimisha kucheza njia moja kila siku, na nikitaka kufanya jambo moja kila siku ninayo kazi.

"Gandhi alipenda bomu kwa sababu ya kosa la programu"

Hadithi hii ni tamu, na nimeisimulia mwenyewe kwa miaka mingi, Mungu anisamehe. Inasema hivi. Katika mchezo wa kwanza, kila kiongozi alikuwa na namba ya ukali. Gandhi, kwa kuwa ni Gandhi, alipewa 1. India ilipofikia demokrasia, mfumo huo ulipunguza ukali kwa 2, ikapaswa kuwa chini ya sifuri. Lakini namba ilikaa kwenye nafasi inayoweza kubeba 0 hadi 255 tu, kwa hiyo ikazunguka, kama mita ya gari kuukuu ukiirudisha nyuma kupita sifuri, ikasoma 255. Mtu wa amani akageuka kuwa mwenda wazimu anayerusha nyuklia.

Kosa hilo halikuwapo. Meier alilikana katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2020. Brian Reynolds, aliyeongoza utengenezaji wa toleo la pili, alieleza kwamba ngazi za ukali zilikuwa tatu tu, na Gandhi alikuwa kwenye ile ya chini pamoja na viongozi wengine kadhaa. Hakuna 1 iliyopungua, hakuna 255.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba waliona? Kwa sababu waliona. Katika mchezo ule kiongozi yeyote mwenye silaha za nyuklia alikutishia nazo kwenye mazungumzo, na India ilipenda sayansi, hivyo ilizifikia mapema. Vitisho hivyo vikitoka kwa mtu mwingine unavisahau. Vikitoka kwa mzee aliyevaa shuka na kuhubiri kutotumia nguvu, unavikumbuka mpaka uzeeni.

Halafu likaja toleo la tano, mwaka 2010. Jon Shafer, aliyelisanifu, alimpa Gandhi kwa makusudi hamu ya nyuklia ya 12 kwenye kipimo kinachoishia 10. Ulikuwa utani. Basi anayekwambia leo kwamba Gandhi wa Civilization V ni hatari anasema kweli, na anayekwambia ni kosa la programu la mwaka 1991 amedanganywa. Wote wawili wanaweza kuwa mtu mmoja.

"Ni michezo ya vita"

Hata ule wa kwanza uliweza kuushinda kwa kurusha chombo cha angani kufika nyota za Alpha Centauri. Katika wa sita unashinda pia kwa utamaduni au kwa dini. Nimewahi kumaliza mchezo mzima nikiwa na vikosi vinne, vyote vimesinzia.

"Bila kompyuta ya bei kali na mega nyingi za intaneti, huchezi"

Kwa toleo la saba, lililotoka Februari 2025, ni kweli linataka mashine yenye nguvu. Lakini ipo Freeciv, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Denmark mwaka 1995. Ni ya bure na inakimbia hata kwenye kompyuta ambazo ofisi zimeshazitupa. Kwenye simu za Android kuna Unciv, nayo ya bure, iliyojengwa kwa kufuata kanuni za toleo la tano. Michoro yake ni ya kimaskini, lakini ukishaipakua haikudai mega tena. Na Polytopia, kutoka Sweden, ina mtindo unaokwisha kwa zamu 30. Unaumaliza wakati bukari, ugali wetu, inasongwa.

Tena kwa mji kama wetu mchezo wa zamu una heshima yake. Wewe usipobonyeza, dunia haisogei. Umeme ukikatika katikati ya mchezo wa mbio au wa risasi umekufa. Hapa ukiwa umehifadhi zamu yako, unarudi kesho kutwa unakuta mshambuliaji bado ameinua upanga.

"Ule wimbo wa Kiswahili ni wimbo wa zamani wa kanisa"

Mara ya kwanza nilipofungua toleo la nne nyumbani, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeingia ku kwaya tangu lini?"

Alikuwa amesikia Baba yetu uliye mbinguni. Watu wengi hapa wanaamini mtengenezaji aliokota wimbo wa misa kutoka Tanzania au hata kwetu Katanga. Maneno ni ya sala ya Bwana kweli, yakirudiwarudiwa kufuata mdundo, lakini muziki ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo huo wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuipata. Mama hakujali tuzo. Alisema wanaimba vizuri, ila wanaharakisha.

"Ukicheza, unajifunza historia, na Kongo iliyomo ni yetu"

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Kongo imo katika toleo la sita, ikiongozwa na Mvemba a Nzinga, na haiwezi kuanzisha dini yake. Wengine wanaona ni dharau. Sababu ni kwamba Mvemba a Nzinga ndiye Afonso I, mfalme Mkatoliki aliyetawala tangu mwaka 1509. Dini yake ilitoka Ureno, na mchezo unaifanya Kongo inufaike na imani ya wengine. Huyuhuyu mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba raia wake wanatekwa na kuuzwa. Barua hizo hazimo kwenye mchezo. Na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko kaskazini mwa Angola, mbali sana na Lubumbashi. Waluba na Walunda, ambao ndio falme za upande wetu, mimi sijawahi kuwakuta kwenye orodha ya kuchagua.

Kisha angalia madini. Katika toleo la sita shaba ni rasilimali ya ziada tu: inaongeza dhahabu mbili kwenye kigae, yaani kipande kimoja cha ramani, basi. Mji wetu mzima uliozaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na thamani yake ni dhahabu mbili. Katika la tano, bomu la atomiki linadai urani, na urani ni alama ya kijani kwenye ramani. Ukiwa na mpaka unaoizunguka ni mali yako. Urani halisi ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na sehemu kubwa ya iliyotumika kwenye mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilichimbwa huko. Mpaka ulikuwa wa Ubelgiji, mgodi ulikuwa wa kampuni, na mawe zaidi ya tani 1,000 yalishapelekwa New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani. Mchezo hauna kigae cha namna hiyo.

Siku moja baba mkubwa, aliyestaafu mgodini, alikaa nyuma yangu akitazama. Nikamwonyesha jinsi mfanyakazi anavyofika kwenye kigae cha urani, zamu chache zinapita, na mgodi unatokea. Alisogeza miwani.

"Na batu ba kuchimba, beko wapi?"

Nikamwonyesha kile kialama cha mgodi. Alikitazama kwa muda, akarudi kwenye kiti chake cha barazani.