Mgao wa kaunti: hiyo asilimia ni ya mapato ya mwaka gani?

Kila msimu wa bajeti hapa Kenya lazima umsikie mtu akisema "katiba inataka kaunti zipate asilimia 15, serikali imezipa karibu 30, sasa magavana wanalia nini?" Jamani, hiyo hesabu haiendi hivyo.

Mgao wa kaunti ni ile sehemu ya mapato ya taifa inayogawiwa kaunti zote 47 kila mwaka. Bunge la Kitaifa na Seneti wanakubaliana jumla kwanza, halafu kuna fomula, inapitishwa na Seneti, ndio inaamua Turkana wapate ngapi na Kiambu ngapi ikiangalia idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa eneo na mengineyo. Si pesa za maendeleo peke yake, humo humo mnatoka mishahara ya manesi. Na CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ni kitu kingine kabisa, hiyo inakatwa upande wa serikali kuu na gavana haigusi.

Sasa hiyo 15. Kifungu cha 203 cha katiba kinasema mgao usipungue hapo, yaani hicho ni kiwango cha chini kabisa, hakuna mahali kimesema kinatosha. Halafu ni 15 ya nini? Ya mapato ya taifa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa, na Bunge huchukua miaka kuzipitisha. Angalia mwaka wa fedha 2021/22, kaunti zilipewa bilioni 370 tukaambiwa hiyo ni asilimia 27.3, kumbe mapato yaliyopigiwa hesabu ni ya 2016/17, kama trilioni 1.36 hivi! Mapato yaliyokadiriwa kugawanywa mwaka huo wenyewe yalikuwa karibu trilioni 1.78, fanya hesabu mwenyewe uone, utapata kama asilimia 21. Pesa ni zile zile 370. Yaani Bunge likizidi kuchelewa kupitisha hizo hesabu, asilimia inazidi kunona na zahanati ya kijijini haijaongezewa hata shilingi, na hili ndilo linaniuma kwa sababu mwananchi anaanza kuamini kaunti yake imeshapewa kupita kiasi.

Kwa hivyo anayesema kaunti zilipata asilimia 27 mwaka huo hajadanganya, ila sentensi yake haijaisha. Aimalizie tu: ya mapato ya 2016/17.