Laini kubwa ya umeme ikitoka: wanajuaje hitilafu iko wapi?

Umeme ukikatika Arusha na Moshi kwa mkupuo, barazani hutasikia lingine: "Sasa mafundi wanaanza kupita mnara mmoja mmoja mpaka alfajiri." Kwenye laini kubwa sivyo. Laini ya kilovolti 132 kati ya kituo cha Kiyungi, Moshi, na cha Njiro, Arusha, hulindwa na rilei, vifaa vya kituoni vinavyofuatilia umeme wa laini. Hitilafu ikitokea, rilei hupima volti na mkondo papo hapo, huamuru swichi ikate ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kisha huhifadhi vipimo. Hesabu ni nyepesi: waya wa juu una riaktansi, yaani aina ya kizuizi cha mkondo, ya takriban omu 0.4 kwa kilomita. Ikisomeka omu 12 kutoka Njiro, hitilafu iko kama kilomita 30 kutoka hapo. Gari huondoka likijua linakoelekea.

Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba namba hiyo haikosei. Hukosea. Waya ukigusa mkaratusi, au ukiangukia udongo mkavu, ukinzani wa mti na udongo huingia kwenye kipimo, na mkondo unaosukumwa kutoka kituo cha pili huzidi kukivuruga. Ndiyo maana vipimo vya pande zote mbili hulinganishwa. Ipo njia kali zaidi. Hitilafu hurusha mawimbi kwenye waya kuelekea kila upande, karibu na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Vifaa viwili, kimoja kila mwisho wa laini, ambavyo saa zake zinaongozwa na setilaiti hunasa muda wa kufika kila wimbi, na tofauti ya nyakati hizo ndiyo inayotoa umbali. Saa zikipishana kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa ni mita 150 tu. Nauona huu kuwa ufundi wa ajabu kweli. Hata hivyo mtu bado lazima afike, kwa sababu kikombe, kile kihami kinachoshikilia waya kwenye mnara, kilichounguzwa na radi huenda kikawa na alama ndogo tu, ya kutafutwa kwa darubini.

"Umekatika ukarudi wenyewe, wanatuchezea." Hapana. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita. Radi ikipiga, umeme hukiruka kikombe kupitia hewani. Ukikatwa kidogo, hewa hurudia hali yake na swichi hurudisha umeme yenyewe.

Wala giza la Arusha si ushahidi kwamba tatizo liko Arusha. Umeme wake huja pia kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Singida kupitia Babati, na hitilafu inaweza kuwa huko mbali.

Inayoniumiza zaidi ni hii: "Mtaa mzima hauna umeme, huo waya ulioanguka umeshakufa." Waya uliolala kwenye mchanga mkavu au lami huweza kupitisha mkondo mdogo kiasi kwamba rilei isiushtukie, ukabaki na umeme. Na hata ule uliokatwa unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote. Kaa mbali, angalau mita 10, na zaidi kwa laini kubwa. Ukijikuta karibu nao, unganisha miguu, usogee kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha. Usikate tawi lililoulalia kwa panga, na usimshike aliyenaswa. Kisha piga simu ukitaja namba iliyoandikwa kwenye nguzo au mnara. Pale rilei iliposhindwa kuona, namba hiyo ndiyo itakayowafikisha mafundi.